Sindano ya jeni ya kulinda ini: je, binti yangu aache vidonge?

Swali limetoka kwa mzee mmoja wa Tanga. Binti yake ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Mwaka jana macho yalimgeuka manjano, vipimo vya homa ya ini B na C vikatoka safi, na baada ya kuchukuliwa kinyama cha ini akaambiwa kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayolishambulia ini, ugonjwa uitwao kitaalamu autoimmune hepatitis. Anatumia prednisolone, ambayo ni steroidi, na azathioprine, zote za kutuliza kinga. Uso umemvimba, chunusi zimemjaa, na hosteli amewaambia wenzake ana aleji. Mpwa wa mzee aliyeko Muscat ametuma ujumbe wa sauti: kuna sindano ya jeni, unachomwa mara moja tu, ini linakingwa maisha. Mzee anauliza: "Daktari, ni kweli? Nina kiwanja, naweza kukiuza. Na wakati tunahangaikia safari, aache hivi vidonge vinavyomharibu?"

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mtihani huu.

Nianze na la mwisho, maana ndilo haliwezi kusubiri: binti asiache vidonge. Mtu aliyemeza prednisolone kwa miezi, tezi zake zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala. Homoni ambayo zingeitengeneza zenyewe zimezoea kuletewa. Dawa ikikatwa ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka, hata akapoteza maisha kabla ini halijaanza kulalamika. Na ini nalo litalalamika. Thamani ya dawa hii tuliijua vizuri kwenye majaribio yaliyofanyika Uingereza na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenye ugonjwa mkali ambao hawakutibiwa, karibu 4 katika kila 10 walifariki ndani ya miezi 6. Leo anayetibiwa na kufuatiliwa, kuwa hai baada ya miaka 10 ndilo jambo la kawaida. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na vidonge hivi hivi vinavyomvimbisha uso.

Sasa sindano. Mpwa wako hakutunga. Amechukua habari mbili za kweli, akaziunganisha, ikazaliwa ya tatu ambayo si kweli.

Ya kwanza ni kwamba tiba ya jeni inayochomwa mara moja na kwenda kwenye ini ipo, na ina kibali. Mfano ni Hemgenix, iliyoruhusiwa Marekani Novemba 2022 kwa wagonjwa wa himofilia B, wale ambao damu yao haigandi kwa kukosa protini inayoitwa faktori ya 9. Wanasayansi huchukua kirusi kidogo kiitwacho AAV, ambacho peke yake hakijulikani kuleta ugonjwa kwa binadamu, wakakitoa jeni zake na kuweka jeni ya faktori hiyo. Mgonjwa anatundikiwa dripu mara moja. Virusi hivyo vinaingia kwenye seli za ini, na seli zinaanza kutengeneza protini iliyokosekana. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 3.5. Lakini angalia ini linafanya kazi gani hapo: ni kiwanda kilichoazimwa. Ugonjwa uko kwenye damu, ini lenyewe linatakiwa liwe zima. Mwenye ini linalowaka, au lenye makovu makubwa, kwa kawaida hukataliwa mlangoni.

Ya pili ni ya panya. Kuna protini inaitwa concanavalin A, inatoka kwenye aina ya maharage makubwa. Ukimchoma panya protini hiyo kwenye mshipa, chembe nyeupe za kinga zinazoitwa seli T zinachachamaa, zinakimbilia kwenye ini na kumwaga kemikali za kuchochea vita, na ndani ya saa chache vipande vya ini vinaanza kufa. Huo ndio ugonjwa wa maabara unaotumika kuiga alionao binti yako. Watafiti wamejaribu kumtangulizia panya jeni ya kinga ya namna mbalimbali: jeni ya IL-10, ambayo huiambia kinga itulie, jeni ya A20, inayozima ishara za mchochota ndani ya seli ya ini, jeni za kunasa kemikali iitwayo TNF kabla haijafika. Panya wengi wa majaribio hayo walipata nafuu kubwa.

Jaribio moja lilisomwa sana. Lilifanywa na watafiti wa Harvard na kuchapishwa 2003. Wao hawakuongeza jeni, walinyamazisha moja. Seli ya ini ina mlango unaoitwa Fas, ambao kinga huubisha kuiamuru seli ijiue. Walituma vipande vifupi vya RNA, kemikali ya ndani ya seli inayoshughulika na ujumbe wa jeni, ili kuzuia mlango huo usitengenezwe. Wakaleta kitu cha kuubisha kwa nguvu. Panya wasiotibiwa wote walikufa ndani ya siku 3. Waliotibiwa, asilimia 82 walikuwa hai siku ya 10. Ni matokeo mazuri, sina ubishi.

Ila nikuonyeshe jinsi RNA hiyo ilivyofikishwa kwenye ini, kwa sababu ujumbe wa sauti hausemi hayo. Panya anachomwa kwenye mshipa wa mkia, kwa sekunde chache, maji mengi yanayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Moyo unazidiwa, maji yanarudi nyuma kwa kishindo na kupenya kwenye ini. Binti yako akiwa na kilo 60, hiyo ni kama kumsukumia lita 6 mwilini kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Hakuna daktari atakayefanya hivyo. Tangu wakati ule njia bora za kufikisha RNA kwenye ini zimepatikana, na dawa za aina hiyo zipo sokoni tangu 2018, lakini kwa magonjwa mengine kabisa.

Kuna jambo jingine kwenye majaribio haya ambalo mimi huliangalia kabla ya kitu chochote: panya alipewa jeni lini? Mara nyingi sana ni siku moja au mbili kabla ya kuumwa. Mtafiti anajua tarehe ambayo ini litashambuliwa, maana yeye ndiye mshambuliaji. Binadamu haji hivyo. Binti yako alipokuja hospitali na macho ya manjano, huenda ini lilikuwa limeshambuliwa kwa miezi. Kumkinga aliye mzima na kumponya aliyekwisha kuumia ni kazi mbili tofauti, na dawa nyingi zinazofaulu ya kwanza huanguka kwenye ya pili. Kwa haki niseme, wale wa 2003 walijaribu pia kuanza wiki moja baada ya kuanza kuwachoma panya concanavalin kila wiki, na makovu yalipungua. Ndiyo maana utafiti wao haukusahaulika.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ningependa mpwa wako akisikie. Tiba ya jeni yenyewe, kama tunavyoijua leo, ni moja ya vitu vinavyoweza kuichochea kinga ilishambulie ini. Mwaka 1999, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania baada ya kuwekewa kirusi cha kubeba jeni kwenye mshipa wa ini. Kinga ilizuka mwili mzima na viungo vikashindwa kimoja baada ya kingine. Kirusi kile kilikuwa cha aina nyingine, kikali kuliko AAV, na kifo chake kiliirudisha nyuma fani nzima kwa miaka.

Wakaja na AAV, kipole. Kwenye jaribio la himofilia lililochapishwa 2006, mgonjwa mmoja faktori ya 9 ilimpanda ikapita asilimia 10 ya kawaida, watu wakafurahi. Wiki kadhaa baadaye kipimo cha ALT, kile kinachopanda seli za ini zinapovunjika, kikaanza kupanda, na faktori ikaporomoka hadi ilikotoka. Seli T zilikuwa zimelitambua ganda la kirusi ndani ya seli za ini, zikaziua seli hizo pamoja na jeni waliyoiweka. Kinga ilifanya kazi yake kama ilivyoumbwa.

Miaka michache baadaye timu ya London na Memphis ikajaribu tena na AAV ya aina nyingine kwa wagonjwa 6, ripoti ikatoka 2011. Safari hii walikaa wanapima damu mara kwa mara wakisubiri ALT ipande. Ilipopanda kwa waliopewa dozi kubwa, walitumia nini kuizima? Prednisolone, mzee wangu. Vidonge vile vile vilivyo kwenye begi la binti yako. ALT ikashuka na faktori ikabaki. Hadi leo tiba hizi hufuatana na kipimo cha ini kila wiki kwa miezi ya mwanzo, na steroidi ikiwa tayari kabatini. Hata hivyo hazizuii kila kitu. Mwaka 2022 iliripotiwa watoto wawili waliopewa Zolgensma, tiba ya jeni ya ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, walikufa kwa ini kushindwa. Na 2025 vijana wawili waliopewa Elevidys, tiba ya jeni ya ugonjwa wa misuli, walipatwa na hayo hayo. Hizo ni dozi kubwa mno zilizolenga neva na misuli, lakini ini ndilo lililobeba gharama.

Kwa hiyo anayekuambia "sindano ya jeni badala ya prednisolone" hajui kwamba mwenye sindano hiyo ndiye anayeshika prednisolone mkono wa pili.

Hata tukiondoa hatari hiyo, ini la mwenye ugonjwa huu lina tatizo lake. Jeni inayobebwa na AAV kwa sehemu kubwa haijiungi na kromosomu. Inakaa pembeni ndani ya kiini cha seli. Seli ikigawanyika, haigawanyiki nayo. Kwenye ini tulivu la mtu mzima hilo si neno, kwa sababu seli zake hukaa muda mrefu. Ini linaloshambuliwa haliko hivyo: seli zinakufa, nyingine zinazaliwa kuziba pengo, na kila kizazi kipya kinazimua jeni uliyoinunua kwa bei ya jengo. Wala huwezi kurudia dozi, maana baada ya ile ya kwanza mwili umejaa kingamwili za kukikamata kirusi hicho. Wengine wanazo tayari tangu utotoni, kwa kuwa AAV huambukiza watu kimyakimya, nao mara nyingi huenguliwa siku ya kipimo cha kwanza.

Kuna na suala la swichi. Kidonge kikimletea binti maambukizi, daktari wake anakipunguza kesho asubuhi. Jeni inayotengeneza kizima-kinga ndani ya ini usiku na mchana, utaizimaje? Tena katika nchi zetu. Kimelea cha malaria, mbu akishamuuma mtu, hupitia kwanza kwenye seli za ini kwa muda wa wiki hivi kabla ya kuingia kwenye damu, na kinga ya humo ni sehemu ya ulinzi wetu. Homa ya ini B imejaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wanaishi nayo kwa mwaka 2022, na sehemu kubwa wako Afrika na Asia. Kifua kikuu kipo. Ini lililofungwa macho moja kwa moja katika mazingira haya linanitia wasiwasi kuliko uso uliovimba.

Ukiniuliza mimi ningeweka dau wapi, ningeiacha seli ya ini na kumfuata mshambuliaji. Kinga ina askari wake wa nidhamu, seli T za kudhibiti, kazi yao ni kuwazuia wenzao wasiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizielezea mwaka 1995. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaigundua jeni ya FOXP3, ambayo baadaye ilithibitika ndiyo inayozitawala, na wote watatu wakapewa Nobeli ya tiba 2025. Huko Hokkaido, madaktari waliwapa wagonjwa 10 waliopandikizwa ini seli za namna hii zilizokuzwa maabara. 7 kati yao waliweza kuacha kabisa dawa za kushusha kinga, kwa taarifa ya 2016. Hatua inayofuata, ambayo inajaribiwa sasa, ni kuzibadilisha seli hizo jeni ili zijue njia ya kwenda kwenye ini na kukaa huko. Na Erlangen, Ujerumani, walichukua seli T za wagonjwa 5 wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, wakazibadilisha jeni ili ziziue seli B zinazotengeneza kingamwili potofu. Ripoti ya 2022 ilisema wote watano walitulia bila dawa. Lupasi ni jamaa wa karibu wa ugonjwa wa binti yako. Ila jamaa si yeye, na kabla ya kurudishiwa seli hizo mgonjwa hupewa dawa kali za saratani kusafisha nafasi. Binti wa miaka 19 anayetulizwa na vidonge viwili simwingizi huko.

Kiwanja usikiuze. Hakuna hospitali, iwe India, Ulaya au Ghuba, yenye tiba ya jeni iliyoruhusiwa kwa ugonjwa huu. Atakayekwambia anayo, na anataka malipo kwanza, muulize namba ya usajili ya jaribio lake na kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi yake. Hapa kwetu ingekuwa TMDA kwa dawa na NIMR kwa maadili ya utafiti. Kwenye jaribio la kweli la dawa mpya, kwa kawaida mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa.

Fedha na nguvu zako ziende kwenye uso wa binti, kwa sababu hapo ndipo matibabu huvunjika. Mabinti wa umri huu huacha vidonge kwa sababu ya kioo, na hawasemi. Kuwaficha wenzake hosteli kunanipa hofu kuliko majibu yoyote ya maabara. Mama yake, au shangazi anayemwamini, akae naye peke yake amuulize bila kufoka ni dozi ngapi huruka kwa wiki.

Halafu nendeni kliniki na maswali haya. Prednisolone yake sasa ni miligramu ngapi, na mpango wa kuishusha ukoje? Azathioprine iliwekwa hasa ili prednisolone ishuke; ALT na IgG (kipimo cha kingamwili kwenye damu) zikitulia, wengi hufika miligramu 10, 5, wengine sifuri, na uso hurudi wenyewe. Kama miezi imepita na bado yuko juu, lazima iwepo sababu, nanyi mna haki ya kuijua. Kama ini halijafikia sirosisi, yaani makovu makubwa, waulize kuhusu budesonide, steroidi ambayo sehemu yake kubwa huvunjwa na ini lenyewe kabla ya kusambaa mwilini, hivyo haivimbishi sana. Wakitaka kubadili azathioprine kwenda mycophenolate, dawa nyingine ya kutuliza kinga, wakumbusheni ni binti: dawa hiyo huharibu mimba na kulemaza mtoto tumboni, wakati azathioprine kwa kawaida huendelea hata akishika mimba. Damu ya kuhesabu chembe isirukwe, maana wapo wanaozaliwa na kimeng'enya dhaifu cha kuivunja azathioprine, na chembe nyeupe zao hushuka sana. Sukari, presha, kalisi na vitamini D navyo viulizwe.

Na kitu cha majani kisiingie kinywani mwake, hata kama jirani anaapa kilimponya. Sina vita na tiba asili, lakini ini hili halina nafasi ya kufanyiwa majaribio. Mirungi ndiyo usiseme. Uingereza wameripoti watafunaji waliopata ini kuvimba kwa namna inayofanana kabisa na ugonjwa huu.

Kuhusu kuacha dawa, siku hiyo inaweza kufika, lakini ina masharti: mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya wa 2015 ulitaka matibabu ya angalau miaka 3, na vipimo viwe vimekaa kawaida kwa miaka 2 mfululizo. Hata hapo zaidi ya nusu ugonjwa huwarudia, ndiyo maana hujaribiwa polepole chini ya daktari, na baadhi huamua kubaki na dozi ndogo maisha yote. Yeye ana mwaka mmoja tu.

Akishapata majibu ya ALT na IgG ya mara tatu za mwisho, niandikie tena pamoja na dozi yake ya sasa. Kwa hayo nitaweza kukueleza nini cha kumwambia daktari wake kuhusu kushusha prednisolone kabla ya muhula mpya kuanza.